Nilimuua Baba Kwenye Karatasi Ili Nipate Chuo

Jumamosi, saa nne asubuhi, baba yangu aliingia kwenye msiba wake mwenyewe.

Hakupiga hodi.

Alisukuma mlango wa trela, ile nyumba ya bati ya kuvutwa na gari tunayoishi, akasimama katikati ya sebule na kofia yake kichwani, akawakodolea macho wanawake kumi na mmoja wa kanisani waliokaa na sahani mapajani.

Bibi Opal Fugate, mkubwa wao, alikuwa anakata nyama ya nguruwe. Kisu kikamponyoka.

"Yesu wangu! Darrell?!"

"Ndiyo mimi. Nani kafa hapa?"



Mama akatoka jikoni na jagi la chai ya baridi. Alikuwa amevaa nguo nyeusi. Macho yamevimba kwa siku mbili za kulia. Alipomwona baba, jagi likaenda chini, chai ikamwagika hadi kwenye viatu vya watu.

Baba hata hakumwangalia. Alikuwa ananitafuta mimi.

"Tressa! We mtoto! Njoo hapa!"

Jamani, sikusogea. Maana kati ya watu wote mle ndani, mimi peke yangu ndiye niliyejua tangu mwanzo kwamba baba hajafa.

Mimi ndiye niliyemuua.

Ngojeni kwanza. Najua mtanitukana, nishawazoea. Lakini mnitukane mkiwa mnajua kisa chote.

Naitwa Tressa Stamper. Nimekulia bonde la Lick Fork, huku milimani mashariki mwa Kentucky. Mama yangu, Verna, ni mpishi wa sekondari niliyosoma. Ndiyo, yule mama wa kofia ya wavu anayewapakulia watoto viazi, ndiye mama yangu. Walinicheka miaka minne. Nikawaacha wacheke, darasani nilikuwa nawaongoza wote.

Baba aliondoka nikiwa na miaka kumi. Alikwenda Indiana kutafuta kazi ya kiwandani, akapata kazi na mke huko huko. Mwanzoni alipiga simu Krismasi mbili. Halafu basi.

Mwaka wa mwisho wa shule niliomba vyuo vitano. Na siyo vyuo hivi vyetu vya kawaida! Niliomba vile ambavyo watoto wa maseneta wanasoma, vile ambavyo mtu wa Lick Fork akivitaja watu wanamuuliza kama ana homa.

Kwa nini vile? Kwa sababu ukiwa huna kitu, wao ndio wanaokusomesha bure. Chumba bure, chakula bure, vitabu bure.

Ila wana sharti moja. Wanataka kujua kipato cha wazazi wote wawili. Hata kama mmoja alishakimbia. Na kama huyo aliyekimbia kaoa tena, wanataka na kipato cha mke wake.

Kuna kimoja katika hivyo vitano nilikuwa nakiota. Sikitaji jina. Januari wakaniandikia kwamba kila kitu kiko sawa, imebaki fomu ya baba tu. Mwisho katikati ya Februari. Bila fomu hakuna msaada, na bila msaada mimi chuo kile ningekiona kwenye picha tu.

Nikampigia baba.

"Baba, ni Tressa."

"Tressa nani?"

"Binti yako."

Akaanza kunong'ona.

"Unataka nini?"

"Kuna fomu ya chuo, Baba. Unajaza kipato chako na cha mke wako, halafu..."

"Cha nani?! Usiniletee balaa hapa! Usipige tena namba hii!"

Akakata. Nilipopiga tena, kumbe kaifungia namba yangu.

Sikulia. Nilivaa koti nikaenda kwa Bwana Hensley, mshauri wa wanafunzi pale shuleni. Mambo ya kuomba vyuo ndiyo kazi yake, ndiyo analipwa kwa ajili hiyo.

"Bwana Hensley, baba hataki kujaza fomu. Hakuna njia nyingine?"

Hata macho hakuyatoa kwenye kompyuta.

"Sheria ni sheria, Tressa. Wazazi wote wawili. Labda mmoja awe amekufa."

Akacheka. Akaendelea kuchapa.

"Si uende tu chuo cha hapa wilayani kama wenzako? Kasomee uuguzi. Kazi nzuri ile."

Mimi sina neno na wauguzi. Neno langu lilikuwa na kile kicheko.

Nilirudi nyumbani maneno yake yanazunguka kichwani. Labda mmoja awe amekufa... Labda mmoja awe amekufa...

Nikafungua kompyuta, nikakiandikia chuo: "Baba yangu amefariki."

Wakanijibu kesho yake kwa upole wote: "Pole sana, Tressa. Tutumie cheti cha kifo, au tangazo la kifo lililotoka gazetini."

Cheti ningekitoa wapi? Lakini tangazo...

Nikatafuta gazeti dogo la huko huko Indiana anakoishi. Magazeti mengine huuliza jina la nyumba ya mazishi kabla ya kuchapa. Lile halikuuliza hata jina la mbwa! Unajaza mtandaoni, unalipa, Jumatano linatoka. Nilijiona mjanja kweli. Nani wa Kentucky atasoma gazeti la Indiana?

Nikaliandika kama matangazo yote ya kwetu yanavyoandikwa. Jina. Umri. Kazi. Bonde alilozaliwa. Aliowaacha.

Hapo kwenye bonde ndipo nilipoyakanyaga.

Huku kwetu nusu ya watu walihamia kaskazini kutafuta kazi viwandani. Mtu wa kwetu akifia ugenini, lazima atangazwe nyumbani, hata kama ameondoka miaka hamsini. Redio yetu husoma vifo kila asubuhi saa mbili, na yupo mama mmoja pale ambaye kazi yake ni kupekua magazeti ya Indiana, Ohio na Michigan akitafuta marehemu wa mabonde yetu. Mimi nimeisikiliza redio ile tangu nikiwa tumboni! Na bado niliandika "mzaliwa wa Lick Fork" kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu kwetu tangazo la kifo lisilotaja bonde halijaisha. Vidole viliandika vyenyewe.

Alhamisi asubuhi mama yuko jikoni shuleni, anakoroga mchuzi, redio iko rafuni.

"...Darrell Stamper, miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa Lick Fork. Ameacha binti mmoja, Tressa..."

Wenzake ndio waliomleta nyumbani.

Nilidhani atasema afadhali. Miaka minane alikuwa anamlaani mwanaume yule! Kumbe wapi. Mama alikaa kitandani, akatoa kwenye droo shati la baba ambalo sikujua kama bado analo, akalia mpaka akakosa sauti.

"Sikupata hata kumwambia nimemsamehe," akasema. "Tressa, sikumwambia."

Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo nimwambie.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe kutoka chuoni: "Tumepokea tangazo. Faili lako limekamilika."

Nikafunga mdomo.

Haya, tukaneni sasa. Hapo nastahili.

Ijumaa wanawake wa kanisani wakaanza kumiminika, maana kwetu msiba ni chakula. Kuku wa kukaanga. Mayai ya kujazwa. Mabakuli ya tambi na jibini. Pudini nne za ndizi, kila mmoja akitaka yake ndiyo iliwe. Nilikuwa namla baba yangu aliye hai kwa kijiko.

Sasa turudi Jumamosi.

"Umeniua!" baba akafoka. "Kwenye gazeti la pale pale ninapoishi! Kazini wamenichangia maua! Msimamizi kaniona mlangoni kapiga yowe!"

"Ungejaza fomu nisingekuua!"

"Eeeh!" wanawake wakaguna wote kwa pamoja.

Mama akanigeukia polepole.

"Fomu gani, Tressa?"

Sikuwahi kumjibu. Mlango ulifunguliwa tena.

Akaingia mwanamke mwembamba, koti la kiwandani, nywele zimefungwa hovyo. Mkononi ana kipande cha gazeti.

"Misty! Nimekwambia ukae garini!" baba akabadilika rangi.

"Nimekaa garini tangu Indiana. Nimechoka kukaa."

Akakiinua kile kipande akasoma kwa sauti, mbele yetu wote.

"'Ameacha binti mmoja, Tressa.' Miaka saba, Darrell. Miaka saba tunalala kitanda kimoja. Uliniambia hujawahi kuoa. Uliniambia huna mtoto."

Akanitazama. Akamtazama baba. Masikio yangu ni ya baba, pua ya baba, hata namna ya kusimama. Hapakuhitaji daktari.

"Huyu ni wako?"

Baba akanigeukia. Alininyooshea kidole, mate yanamtoka.

"Kufa sijali! Mngecheka, ningecheka, yangeisha! Lakini kwa nini uliandika nina mtoto?!"

Jamani...

Mimi nilidhani kaendesha gari usiku kucha kwa hasira ya kuuawa. Kumbe hasira yake ilikuwa kwamba mimi nipo. Iliniuma. Sitawadanganya kwamba nilijikaza, iliniuma mpaka nikashika ukuta.

"Nimekuuliza swali," Misty akasema. "Ni wako, siyo wako?"

Baba akatazama chini kwenye chai iliyomwagika.

"Siyo wangu."

Mbele ya mama. Mbele ya wanawake kumi na mmoja wa kanisani!

Bibi Opal akasimama. Ana miaka sabini na sita na nyonga ya chuma, lakini siku ile alisimama bila mkongojo.

"Darrell Stamper, sikiliza. Mimi ndiye niliyempeleka Verna hospitali siku huyu binti anazaliwa, kwa sababu wewe ulikuwa porini unawinda kulungu. Mimi ndiye niliyekuletea habari, ukaniuliza kama ni wa kiume. Leo unasema siyo wako? Toka nje!"

"Natoka! Na Jumatatu nawapigia hao wa chuo. Tutaona atasomea wapi mwongo huyu!"

Misty alikuwa ameshatoka. Tukasikia gari likiwaka. Baba alifika kwenye ngazi, gari likiwa linashuka bondeni bila yeye.

"Misty! Misty!!"

Wala hakugeuka. Baba alishuka bonde lile kwa miguu, kila kibaraza watu wamesimama wanamwangalia marehemu anapita.

Ndani, mama akavua kitambaa cheusi kichwani akakikunja vizuri. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Siku mbili nimemlilia yule. Siku mbili, Tressa. Na wewe umekaa hapo unaniangalia."

"Mama, nilikuwa natafuta chuo..."

"Jumatatu utawapigia simu wewe. Kabla yake."

"Mama! Nikipiga nimekikosa!"

"Na usipopiga utakaa huko miaka minne unaruka kila simu ikilia. Utapiga."

Jumatatu nilipiga simu nikiwa jikoni shuleni, kati ya masufuria, mama kasimama mlangoni na kofia yake ya wavu. Akapokea mwanamke wa ofisi ya misaada. Nikamwambia yote, tangu fomu mpaka redio. 

"Kuna mtu mwingine amekupigieni kuhusu mimi?" nikauliza.

"Hapana. Hakuna aliyepiga."

Baba alikuwa anatishia tu! Angepiga na kusema nini? Kwamba ana mtoto?

"Nasikitika, Tressa," yule mwanamke akasema. "Ulitutumia kitu cha uongo. Ombi lako linafungwa leo."

"Naelewa."

"Lakini nikuulize kitu. Kwa nini hukutuma karatasi ya mzazi asiyekuwepo?"

"Karatasi gani?"

"Ukurasa mmoja tu. Unaeleza kwamba mzazi huyo hayupo katika maisha yako, mtu mzima asiye ndugu anayewajua anaweka saini. Mwalimu, mchungaji, jirani. Ukishatuma hiyo, fomu ya baba hatuitaki tena."

Nikakaa juu ya ndoo ya mafuta.

"Sijawahi kuiona."

"Tuliituma kwa mshauri wa shule yako Oktoba. Tukaituma tena Januari. Alitujibu kwamba haihitajiki."

Wenzangu! Sijui nilifikaje ofisini kwa Hensley. Najua tu mlango uligonga ukuta.

"Kwa nini hukunipa ile karatasi?!"

Hakukataa hata. Akavua miwani akaifuta.

"Inataka na maelezo ya mshauri, kurasa mbili. Nina wanafunzi mia nne, Tressa. Na watoto wa mabondeni nimewaona wakienda huko. Wanarudi kabla ya Krismasi, wameaibika. Nilikuwa nakulinda."

"Unanilinda?!"

"Na uongo umeutunga mwenyewe. Mimi sikukutuma."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililonichoma zaidi.

Vilibaki vyuo vinne ambavyo havijapata lile tangazo. Safari hii Hensley aliziandika zile kurasa zake mbili, na karatasi yenyewe ilitaka saini moja. Bibi Opal akasaini, halafu akaipitisha kanisani, wakasaini wote kumi na mmoja, maana wote walisikia kwa masikio yao "siyo wangu." Mama akanisimamia nikaandika na habari ya tangazo, kila kitu, bila kujitetea.

Vitatu vikanikataa.

Kimoja kikasema ndiyo. Bure, kila kitu. Siyo kile cha ndoto yangu, na nikikipita kile cha ndoto kwenye basi mpaka leo nageuza uso.

Mngedhani yameisha, eti?

Mei shule yetu hufanya sherehe ya kutangaza vyuo. Wanaomaliza wanavaa fulana za vyuo vyao, ukumbi wa mpira wa kikapu unajaa wazazi, mnaitwa mmoja mmoja mbele. Anayeita ni nani? Hensley! Tai nyekundu, kipaza sauti mkononi, tabasamu mpaka masikioni.

"Na sasa, fahari yangu! Binti niliyemshika mkono tangu hatua ya kwanza... Tressa Stamper!"

Makofi. Nikapanda jukwaani. Akanifungulia mikono tukumbatiane mbele ya kamera.

Nikapita pembeni, nikachukua kipaza sauti.

"Kama mzazi wako mmoja alikukimbia, kuna karatasi," nikasema. "Ni ukurasa mmoja. Bwana Hensley anayo tangu Oktoba. Mimi hakunipa."

"Tressa, siyo mahali pake..." akanong'ona, mkono wake ushafika kwenye kipaza sauti.

"Inasema hivi..."

Akakizima. Nikaendelea kusoma kwa sauti yangu mwenyewe, na sauti ya Lick Fork inavuka mlima. Nikasoma ukurasa mzima, mpaka pale pa kuweka saini.

Hakuna aliyepiga makofi. Mkuu wa shule akakohoa. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono kifuani. Hakutabasamu, lakini hakuniita nishuke.

Nilipotoka nje wazazi wanne walinifuata hadi maegesho. Mmoja alikuwa baba mwenye mapacha wa kike, mama yao kaenda zake na hajulikani aliko.

"Binti, hiyo karatasi unayo nyingine?"

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimechapisha hamsini, ziliisha zote siku ile.

Hensley bado yuko ofisini kwake, msidhani alifukuzwa. Baba hajapiga. Misty aliniandikia mara moja kuniuliza siku yangu ya kuzaliwa, nikamwambia, ikaishia hapo. Mama ananipigia kila Jumapili, tunaongea vizuri, ila ile Alhamisi hatujawahi kuitaja na sidhani kama tutaitaja.

Najua wengine mtaandika hapo chini kwamba Jumatatu ile ningenyamaza, sasa hivi ningekuwa kwenye chuo cha ndoto yangu. Labda. Wewe ulikuwa unamwona mama akimlilia mtu aliye hai? Basi kaa kimya.

Ninalowaambia ni hili. Mzazi aliyekukimbia usimfiche, wala usimzike. Sema alikukimbia, kisha mtafute mtu anayekujua aweke saini. Na mtu wa ofisini akikwambia hakuna njia nyingine, mwambie akuonyeshe palipoandikwa hivyo, usiondoke kwenye kile kiti mpaka akuonyeshe.

Mimi nilimuuliza mara moja, akacheka, nikaondoka.